Msimu wa Mkata Misuko

Alhamisi, 14 Septemba

Tumeanza kuchuma leo. Baridi ya asubuhi imeshaanza kung'ata vidole, lakini jua likipanda mtu anatupa shali pembeni. Gulzar ndiye aliyepanda ngazi wa kwanza, na kama kila mwaka akanirushia tufaha kutoka juu nilidake kwa upindo wa kanzu. Mume wangu ni mtu wa kununa, ila akiwa juu ya ngazi huimba, na akiimba huwa namsamehe mengi.

Vibarua wanaokuja kila mwaka kutoka Bihar, mbali huko tambarare, wamefika na mabegi yao. Mubina, wifi yangu, amepewa kazi ya kupanga matufaha kwenye masanduku. Anayapanga kama mtu anayepanga mawe. Mavuno yakiisha anaolewa na Ishfaq, mtoto wa dalali anayenunua matufaha yetu. Bi Zuni, mama mkwe wangu, anaiita bahati. Mubina mwenyewe haiiti chochote. Ana miaka kumi na tisa na uvivu wa kutosha watu watatu, na nadhani huko aendako watamnyoosha.

Jumatatu, 18 Septemba

Masanduku, nyasi kavu, mgongo. Hakuna kingine.

Ijumaa, 22 Septemba

Kwenye foleni ya mikate leo kulikuwa na habari. Huko kusini wanawake wanakatwa misuko. Mtu anaingia uani, anampuliza mwanamke dawa usoni, mwanamke anazimia, akizinduka nywele zake ziko chini. Samad mwokaji aliacha mikate iungue ili asimulie vizuri.

Samad hajawahi kuamini jambo lolote lililosemwa redioni. Kwake yeye mwezini hakuna aliyefika, matone ya polio yanaletwa kuwahasi watoto wetu, na lile tetemeko kubwa lilitengenezwa kwa mashine. Leo alisema hawa wakata misuko wana viatu vya springi, wanaruka ukuta kama panzi. Nikamuuliza nani amewaona. Akanijibu kwamba hapo ndipo penyewe, hakuna aliyewaona, na ni nani mwingine ana uwezo wa kutoonekana kama si watu waliosomeshwa kazi hiyo? Wanawake wakatikisa vichwa. Nilimsimulia Gulzar, akacheka hadi akakohoa.

Jumanne, 26 Septemba

Wamemkata msuko binti wa kijiji cha ng'ambo ya kijito. Baba yake ni mwalimu wa hesabu, si mtu wa kuzua.

Kila mtu ana maelezo yake. Wengi wanasema ni watu wa kambi ya jeshi, wanataka wanaume wakae majumbani kulinda wake zao wasiwe na muda wa kuandamana. Wengine wanasema ni majini. Wengine wanasema misuko inapelekwa ng'ambo kwa uchawi wa matajiri. Serikali imetoa tangazo kwamba wanawake wanajikata wenyewe kwa msongo wa mawazo, na tangazo hilo limewaunganisha wote waliokuwa wanabishana. Gulzar hakucheka leo. Alisema, "Sasa wanatuambia mabinti zetu ni wendawazimu."

Ijumaa, 29 Septemba

Kipaza sauti cha msikiti kimetangaza zamu za ulinzi. Gulzar amechaguliwa kuongoza upande wetu. Amechonga rungu, akalipaka mafuta.

Jumatatu, 2 Oktoba

Sijui nianzie wapi. Nilikuwa jikoni nikichemsha chai ya chumvi ya wachumaji niliposikia kilio zizini. Nikakimbia. Mlango ulikuwa na komeo kwa ndani, ikanibidi nipitishe mkono kwenye pengo la ubao kulifungua. Mubina alikuwa amelala ubavu kwenye nyasi, macho yamefumba, ushungi umemvuka. Msuko wake, ule uliokuwa ukimpiga kiunoni, ulikuwa chini kando yake kama kamba ya ng'ombe. Umekatwa usawa wa shingo.

Nilipiga ukelele, wakaja wote. Gulzar alimnyanyua dada yake kama mtoto, akaketi naye kizingitini, akalia. Sijawahi kumwona akilia, hata siku tuliyomzika baba yake. Mubina alipofumbua macho alisema aliona mtu mwenye nguo nyeusi aliyefunika uso, kisha harufu kama ya matunda mabovu, basi. Wanaume walitawanyika shambani na marungu. Hawakuona hata unyayo. Vibarua wetu walijificha kwenye ghala la nyasi kwa kuogopa wasije wakasingiziwa wao, na alasiri wakafunga mabegi wakaondoka. Sikuwalaumu.

Jioni nilimwambia Gulzar kuhusu komeo. Kama lilifungwa kwa ndani, mtu huyo alitoka vipi? Akanitazama kana kwamba nimemletea kitu alichokuwa anakitafuta. "Umeona?" akasema. "Hawa si watu wa kawaida."

Alhamisi, 5 Oktoba

Kwa dalali wametuma mjumbe. Harusi isubiri hadi baridi kali ipite, binti atibiwe kwanza. Bi Zuni amelia siku nzima, Mubina amelala ameelekea ukuta.

Gulzar ameweka kufuli lango kuu na mlango wa nyumba. Anapokwenda shambani au zamu anatufungia kwa nje. Kisha leo alimkalisha binti yetu Arifa kwenye kigoda, akamkata nywele zote hadi kichwani ili wasipate cha kukata. Mtoto alilia akiuliza amekosa nini. Hadi sasa mtu pekee niliyemwona kwa macho yangu akikata nywele za mwanamke ni mume wangu. Nilitaka kumwambia hivyo kama utani, nikaona uso wake, nikaacha.

Jumapili, 8 Oktoba

Mvua. Matufaha yanaanguka yenyewe, hakuna wa kuokota.

Jumatatu, 9 Oktoba

Nikisoma niliyoandika juu ya Samad na panzi naona haya. Jana magharibi nilisikia nyayo juu ya mabati. Si paka. Zilitoka upande wa jiko, zikasimama juu ya kichwa changu, zikarudi. Niliuficha msuko wangu ndani ya kanzu, nikashika shoka, nikamweka Arifa nyuma yangu. Gulzar alipopanda juu hakukuta kitu. Mimi nimesoma hadi darasa la kumi, na jana ningemkata kwa shoka mtu yeyote ambaye angeufungua mlango ule.

Alhamisi, 12 Oktoba

Nisipoandika leo, kesho nitaanza kukumbuka wanavyotaka nikumbuke.

Motaleb amekufa. Motaleb ni mnunuzi wa nywele. Hutoka Murshidabad, mbali huko Bengali, na kila mwaka matufaha yakikaribia kwisha hutufikia. Wanawake wote hapa tunamjua. Zile nywele zinazobaki kwenye kitana hatuzitupi, tunazisokota vibonge tukavichomeka kwenye ufa wa ukuta, na yeye akija tunampa, naye anatupa bakuli la chuma, vibanio, au puto la mtoto. Nywele anawapelekea watengeneza mawigi. Wanaume hawamjui kwa sababu huja mchana wakiwa shambani. Ila Samad anamjua, kwa kuwa hulala kwenye stoo yake ya kuni, karibu na joto la tanuri.

Leo adhuhuri nilimsikia chini ya dirisha. Ameruka ukuta mdogo wa nyuma kwa kuwa lango lilikuwa na kufuli, na kuuruka kwenyewe kulinishtua hadi nikamwona ni yeye.

"Dada Hafiza," akasema, "mbona kila nyumba imefungwa? Kuna msiba?"

Nikamweleza. Alikuwa njiani muda wote huu, simu yake haina mtandao, amesikia nusunusu kwenye basi akadhani ni maneno ya abiria. Alianza kucheka, kisha akalitazama gunia lake na kicheko kikamkauka.

"Na mimi nimebeba nywele za vijiji vyote hivi."

"Ndiyo maana nakwambia uondoke. Usipite mashambani. Nenda kwa Samad, umwachie gunia, upande basi la kwanza."

"Sawa dada. Nipe maji kwanza, nimetembea tangu alfajiri."

Nikamteremshia maji kwenye bakuli nililolifunga kwa shali. Alikunywa, akauliza Arifa amefikia urefu gani, akaniombea dua, akaenda. Mubina alikuwa nyuma yangu. Nilimsikia akipumua kwa shida, nikadhani ni hofu.

Nikapanda ghorofani nimwangalie hadi afike barabarani. Kwenye kona ya mchinari, ule mti mkubwa wa kivuli, vijana wa zamu walimsimamisha. Alikuwa anaonyesha kwa mkono upande wa kwa Samad. Mmoja akalivuta gunia, likapasuka, nywele zikamwagika barabarani, lundo zima, nyeusi, nyekundu za hina, nyeupe za bibi zetu.

Hapo nikapiga kelele. Niliegemea nje ya dirisha nikapiga kelele kwa nguvu zote: mwacheni, ni Motaleb, ni mnunuzi wa nywele, namjua. Upepo ulikuwa unatoka kwao kuja kwangu. Walichosikia watu wa mashambani ni mwanamke anayelia ndani ya nyumba ya Gulzar, ambayo imefungwa kufuli, na mgeni mwenye gunia la nywele ametoka upande huo. Wakashuka kwenye ngazi zote kwa pamoja. Kadiri nilivyopiga kelele ndivyo walivyozidi kukimbia.

Gulzar alitangulia. Sikuwahi kujua anaweza kukimbia hivyo. Alipita chini ya dirisha langu nikamwita kwa jina, hakuinua uso. Motaleb alimwona akija, akainua mikono yote miwili, viganja wazi. Pigo la kwanza lilikuwa la Gulzar.

Mengine sitayaandika. Samad alitoka mbio na unga hadi kwenye viwiko, akajilaza juu ya Motaleb, wakampiga na yeye wakamtoa. Samad, aliyeamini kila uvumi. Baadaye nilimwona amekaa chini akimfunika Motaleb kwa gunia la unga.

Ijumaa, 13 Oktoba

Hakuna mikate. Tanuri la Samad halikuwashwa.

Jumamosi, 14 Oktoba

Polisi walikuja jana na leo tena. Hakuna mtu aliyeona chochote. Kila mwanamume wa kijiji hiki alikuwa msalani saa ile.

Gulzar hajaacha kunawa mikono. Nilimwambia wazi kwamba nilikuwa nawaambia wamwache. Akasema hapana, nililia kuomba msaada. Nikamwambia nilikuwa dirishani, najua nilichosema.

"Hukusema hivyo," akanijibu, kwa upole kabisa. "Ulikuwa umechanganyikiwa. Nilikusikia."

Nilipopeleka chai juu nikamkuta Mubina amekaa sakafuni, amejifunika kanzu hadi puani, kichungu cha makaa cha kuotea moto kimezimika mapajani mwake.

"Wifi," akasema, "nilijikata mwenyewe."

Nilisikia, lakini nikamuuliza amesema nini.

"Kwa ule mkasi wa kukatia kondoo manyoya. Nikaurudisha ukutani kabla sijapiga kelele."

Akanieleza yote bila kulia. Ishfaq alimvunja mkono mke wake wa kwanza, ndiyo maana yule mwanamke alirudi kwao. Gulzar anajua. Bi Zuni anajua. Mubina aliwaambia hataki, wakamwambia mke mwerevu havunjwi mkono. Kisha akasikia kwamba mabinti wanaokatwa misuko ndoa zao zinaahirishwa. "Nilitaka baridi moja tu," akasema. "Nipate kufikiri. Sikujua kama kuna mtu atakufa."

Nilitaka kumpiga. Mkono uliinuka kabisa. Kisha nikakumbuka ni nani aliyepiga kelele dirishani, nikaushusha.

Kwa hiyo yeye si mvivu. Alikuwa na hofu muda wote, na mimi nikiandika humu kwamba watamnyoosha.

Jumatatu, 16 Oktoba

Haji Lasa, mkuu wa kamati ya msikiti, amekuja na wazee watatu. Wakaketi, wakanywa chai, wakanisifu kwa chai. Polisi, anasema, hawatawakamata watu waliomwokoa mwanamke. Kinachotakiwa ni mwanamke mwenyewe aseme.

"Binti yangu, hatukuombi useme uongo," akaniambia. "Tunakuomba ueleze ulichoogopa. Ulilia, kijiji kizima kilisikia. Mwanamke wa heshima halii bure."

Nikasema nilimjua Motaleb, nilimpa maji. Haji akakitazama kikombe chake. Mzee mwingine akasema hilo la maji si lazima lifike polisi, mume wangu ana heshima yake. Wakaaga.

Walipoondoka, Gulzar alienda zizini akarudi na mkasi wa kondoo. Alipiga magoti nyuma yangu. Alisema ni kidogo tu, nchani, ili kuwe na kitu cha kuonyesha.

"Wataniweka ndani, Hafiza. Arifa atakula nini? Nilikuja mbio kwa ajili yako. Nilidhani nakukuta umekufa."

Hilo nalijua ni kweli. Nimeishi naye miaka kumi, najua sauti yake ikiwa haina ujanja. Sijui kama ni hilo lililonikalisha pale, au woga, au uchovu. Sikuinuka. Niliusikia mkasi. Aliifunga ncha ile kwa uzi, taratibu, kama anayefunga kidonda, kisha akanibusu utosini. Nimeoga mara mbili tangu hapo.

Jumanne, 17 Oktoba

Leo wazee walikutana uani kwetu kukubaliana maneno. Wanawake tulikaa upande wa jiko. Haji Lasa alikuwa ameanza kusema, mara Mubina akashuka ngazi bila ushungi, nywele zake fupi zimesimama shingoni, akaenda hadi katikati ya wanaume.

"Hakuna mkata misuko," akasema. "Mimi nilijikata. Mmemuua mtu bure."

Nikafikiri, sasa imekwisha, sasa watainamisha vichwa. Haji Lasa akamuuliza, bila kufoka, ni nani aliyemfundisha kusema hivyo. Mubina akajibu hakuna. Jirani yetu akasimama akasema hebu watu wasikilize vizuri: serikali inasema wanawake wanajikata wenyewe, na huyu hapa anasema maneno yale yale. Wamemfikia vipi humu ndani? Mwingine akasema huenda ni ile dawa waliyompuliza, inabaki kichwani, mtu anasema anachoamrishwa. Bi Zuni akaanza kujipiga kifua akisema ndiyo, ndiyo, mwanangu hajawa mzima tangu siku ile. Nilimtazama, na nadhani alijua. Nadhani alijua tangu siku ya zizi.

Mubina akanigeukia. "Wifi, waambie kuhusu komeo."

Nikasimama. Sauti yangu ilikuwa ndogo. Nikasema mlango ulifungwa kwa ndani, nililifungua komeo kwa mkono wangu, hakuna mtu angeweza kutoka.

Wanaume wakatazamana, wakatikisa vichwa kwa huzuni. Haji Lasa akasema, "Mnasikia wenyewe. Binadamu wa kawaida angetokaje?"

Nilikaa chini. Gulzar alimshika dada yake mkono akampandisha juu, na alimshika vibaya.

Nilikuwa na neno jingine la kusema, juu ya maji na dirisha na mkasi. Nililishika mdomoni hadi wageni wakaondoka.

Ijumaa, 20 Oktoba

Amekatwa mwanamke mwingine, kijiji cha juu. Nilidhani sasa watajua Motaleb hakuwa yeye. Msikitini wamesema ni wenzake, wamekuja kulipiza.

Samad amefunga duka, ameenda kwa binti yake. Mbavu zimevunjika. Kabla ya kuondoka alimwambia mke wa jirani kwamba Motaleb alikuwa mtu safi ila bila kujua alikuwa anatumiwa na watu wakubwa. Hata yeye imembidi apate maelezo.

Jumanne, 24 Oktoba

Theluji nyembamba ya kwanza. Matufaha mengi bado yako mitini, meusi upande mmoja.

Jumapili, 29 Oktoba

Kwa dalali wamevunja uchumba. Hawataki mwenye wazimu. Mganga aliyeletwa na Bi Zuni amemfukiza Mubina moshi wa pilipili mara tatu wiki hii, na kikohozi chake kinasikika hadi zizini. Amefungiwa chumba cha juu.

Nilimpelekea wali na sukuma wiki. Nilidhani ataongea juu ya uchumba. Akaniuliza, "Alikuwa na watoto?"

Nikasema sijui. Miaka yote hiyo aliuliza habari za watoto wetu, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza za wake.

Gulzar ananiletea vitu. Jana shali, leo zabibu kavu. Anasema Ijumaa nitaitwa kituoni kuweka sahihi, ni jambo dogo, maneno wameshayaandika. Amekonda. Usingizini anainua mikono, viganja wazi, na sitaki kujua anaota yeye ni nani kati ya wawili wale.

Ijumaa, 3 Novemba

Naandika nikiwa kwa kaka yangu, mjini. Arifa amelala. Sanduku langu la nguo Bi Zuni alilitupa nje ya lango, na Mubina, aliyefunguliwa chumba katika ghasia zilizozuka habari za kituoni zilipofika nyumbani, ndiye aliyenisaidia kulibeba hadi barabarani. Nilimwambia apande gari tuje wote. Akasema kaka yake akichukuliwa na yeye akiondoka, mama atabaki na ng'ombe tu. Akarudi.

Yalikuwa hivi. Gulzar alinipeleka kituoni asubuhi, akabaki nje na Haji Lasa. Ndani alikuwepo inspekta, mezani kwake karatasi na ile ncha ya msuko wangu ndani ya mfuko wa plastiki. Kwenye benchi la ukutani aliketi mwanamke mdogo mwembamba, sari ya pamba na sweta la kiume juu yake, miguu imevimba kwa safari. Kando yake mwanamume aliyefanana naye. Sikuhitaji kuambiwa. Inspekta aliniambia hata hivyo: ni Sokhina, mke wa marehemu, na kaka yake, wamekuja kuuliza kaburi. Kisha akamwambia Sokhina kwa Kiurdu, akininyooshea kidole, kwamba huyu ndiye mama aliyeshambuliwa.

Sokhina akasimama. Nilijua atanitemea mate, na nilikuwa tayari. Akanijia, akainama, akanishika miguu.

"Dada, nisamehe kwa niaba yake," akasema. "Sijui kilimpata nini huku. Nyumbani hakuwa hivyo."

Kwa hiyo na yeye walikuwa wamemfanya aamini. Ametoka Murshidabad akiwa mke wa Motaleb, akafika hapa wakampa mume mwingine, mshambuliaji wa wanawake, na amempokea, kwa kuwa ni maafisa waliosema, na mimi nipo nimevaa ushungi mbele yake kama ushahidi.

Nilimwinua. Nikamwambia inspekta sitaweka sahihi. Akasema mama, fikiri vizuri, mumeo yuko hapo nje. Nikasema najua alipo. Nikasema yule mtu hakunigusa. Aliomba maji, nikampa kwa bakuli na shali, akaniombea dua. Nikasema nywele zile kwenye mfuko alinikata mume wangu, akiwa amepiga magoti nyuma yangu, siku nne baada ya mauaji, na mkasi uko ukutani zizini.

Inspekta aliweka kalamu chini. Alinitazama kama anayepima nitavumilia hadi wapi. Kisha akavuta karatasi nyingine, nyeupe, akauliza kama nilimwona aliyepiga kwanza.

"Gulzar," nikasema. "Gulzar mwana wa Habib. Alikimbia kwa sababu alinisikia nikipiga kelele. Nilikuwa nawaambia wamwache, hawakusikia. Andika na hilo."

Nikawataja wengine mmoja mmoja, majirani zangu, watu ambao nimewapikia kwenye misiba yao. Nje ya dirisha niliona Haji Lasa akiongea na Gulzar, na Gulzar akitabasamu kidogo, akivuta sigara, akinisubiri.

Nilikuwa nasema Kikashmiri. Sokhina alikuwa akitazama mdomo wangu, kisha wa inspekta, kisha wa kaka yake, hakuna aliyemtafsiria. Nilipomaliza akanivuta nguo kidogo, akauliza nimesema nini.

Nikageuka nikaketi naye kwenye benchi, nikarudia yote kwa Kiurdu, polepole, kuanzia yale maji.